Tupeane uzoefu: ulizielewaje namba wiano na zisizo wiano?

MamaWawili: Wadau, mwanangu kanibana: "Mama, 22/7 ni namba wiano, yaani inaandikika kama sehemu ya namba nzima mbili. Pai (π) si namba wiano. Mbona tuliambiwa pai ni 22/7?" Nilikosa jibu. Mimi mada hii niliikariri tu: ukiona alama ya kipeuo, weka upande wa zisizo wiano. Mtihani ukaleta √49, nikaikosa, kumbe ni 7 tu. Nyie wenzangu mlitokaje?

Chaki: Mama, mtoto yuko sahihi, na kosa hilo ni letu walimu. Miaka mingi niliandika ubaoni π = 22/7, kwa alama ya sawasawa kabisa. Mwambie agawanye kwa mkono: 22/7 inatoa 3.142857142857..., ila pai ni 3.14159265... Zinaachana kwenye desimali ya tatu. 22/7 ni makadirio. Kwamba pai haiandikiki kama sehemu ya namba nzima mbili, Johann Lambert alithibitisha mwaka 1761. Siku hizi naandika ≈ na kuwaeleza sababu.

Baharia07: Mimi nilidanganywa na kikokotoo. 1/7 kilinionyesha 0.1428571, nikaona hakuna kinachojirudia, nikaandika "si wiano". Kaka yangu akanikalisha nigawanye kwa kalamu huku nikizungushia duara kila baki: 1, 3, 2, 6, 4, 5, halafu 1 tena! Ukigawanya kwa 7, mabaki yasiyo sifuri ni sita tu, kwa hiyo huna pa kukimbilia, lazima urudi ulikotoka. Hapo ndipo nilipojua KWA NINI desimali ya sehemu hukoma au hujirudia. Kabla ya hapo nilikuwa naimba tu.

FundiRamani: Chukua karatasi ya A4. Kunja kona moja mpaka upande mfupi ulale juu ya upande mrefu. Mkunjo uliopata ni ulalo wa mraba. Sasa uweke mkunjo huo sambamba na upande mrefu wa karatasi nyingine: zinalingana! Upande mfupi ni milimita 210, mrefu 297, na ulalo ni 210 × √2.

Nilichukua 297/210, nikarahisisha nikapata 99/70, nikashangilia kwamba nimeipata √2. Mwalimu akaniambia niizidishe yenyewe kwa yenyewe. 9801/4900. Ingekuwa 9800 ingekuwa 2 kamili. Moja tu! Rula haiwezi kuiona tofauti hiyo, hesabu inaiona. Kisha akanionyesha: tuseme √2 ni sehemu iliyokwisha kurahisishwa. Kiasi (namba ya juu) kikizidishwa chenyewe ni mara mbili ya asili (namba ya chini) iliyozidishwa yenyewe, basi kiasi ni shufwa. Ukiendelea, asili nayo inatoka shufwa. Sasa ilirahisishwa vipi kama zote zinagawanyika kwa 2? Niliirudia usiku ule mpaka nikaiandika bila kuangalia daftari.

Nukta: Naongezea: 0.1010010001... ina mpangilio, lakini si wiano. Sifuri zinaongezeka kila mara, hakuna kipande kinachojirudia. Hii iliniangusha mtihani.

MamaWawili: Asanteni sana. Tumekunja karatasi, mezani zimejaa. Sasa kaja na jipya: zisizo wiano mbili zikizidishwa, jibu ni la upande gani? Tumefanya √2 × √8, tumepata 4. Tuko kwenye √2 × √3.