Mrejesho: Gari la gia za mkono lililogoma kuwaka karibu na Chamwino

Ndugu zangu, nawashukuru kwa dhati wote mlionijibu nilipouliza namna ya kulifikisha salama Dodoma mjini gari langu la gia za mkono, lililogoma kuwaka kando ya barabara ya Morogoro, karibu na Chamwino. Nilianza na ushauri wa kulisukuma: swichi imewashwa, klachi imekanyagwa, gia ya pili, kisha kuachia klachi likishapata mwendo. Liliwaka, lakini kabla ya Ihumwa likazimika tena, kwa kuwa altaneta (kifaa kinachochaji betri injini ikiwa inafanya kazi) ilikuwa haichaji na betri ikaisha kabisa.

Hapo tukalivuta kwa kamba, gia ikiwa huru na ufunguo umezungushwa ili usukani usijifunge. Aliyenionya kwamba breki huwa nzito injini ikiwa imezimika aliniokoa kweli, maana mteremkoni nilikanyaga kwa nguvu zote, na bila onyo lake ningedhani zimefeli. Kamba ilikatika mara moja, dereva wa mbele alipoondoka kwa ghafla. Baada ya hapo alikuwa akiikaza taratibu kwanza. Fundi amebadilisha altaneta, na sasa gari linawaka vizuri.