Mbio za 21 Kisumu: mnatuuzia kilomita 21, mnasimamia 12

Wadau, sitaji kampuni wala mtu. Ugonjwa huu ni wa waandaaji wengi, kuanzia hapa Kisumu hadi Kakamega na hata Nakuru. Wahusika watajijua.

Bango linasema: "21 ni 10 mara mbili tu, jiandikishe." Hapo ndipo uongo unapoanza. Mtu wa kawaida anayekwenda dakika 7 kwa kilomita anamaliza 10 kwa dakika 70, akiba ya sukari mwilini ikiwa bado ipo. Kwenye 21 yuleyule anakaa barabarani saa mbili na dakika 27. Asipotia kitu mdomoni, akiba ile huanza kuyumba kati ya dakika 90 na saa mbili, yaani kati ya kilomita ya 13 na ya 17. Na hapohapo, jameni, ndipo meza za maji zimeshakunjwa, vijana wa kujitolea wameshapanda pikapu, na koni zimerudi kwenye lori. Bodaboda wanapita ubavuni mwa mkimbiaji wakipiga honi. Mgeni wa 21 ndiye mliyemwita kwa bango, na ndiye mnayemtupa. Mkitangaza kwamba njia inafungwa baada ya muda wa saa tatu tangu mbio zianze, basi mtu wa dakika 8 na nusu kwa kilomita bado ana haki ya maji na ya barabara. Kwani saa tatu zenu zina dakika ngapi?

Saa ya kuanza nayo. Jua la Kisumu huchomoza mnamo saa kumi na mbili na nusu. Mkianza saa kumi na mbili na robo, mwanga wa kuona mashimo upo, na mtu wa dakika 7 anafika kabla ya saa tatu kasorobo. Mkingoja mgeni rasmi amalize hotuba, mkaanza saa moja u nusu, mtu huyohuyo anafika saa nne kasoro dakika tatu. Kilomita zake za mwisho anazimaliza juu ya lami inayofuka joto, na unyevu wa ziwa umemwelemea: jasho linadondoka badala ya kukauka, na jasho lisilokauka halipoozi mwili. Wenzetu wa Nakuru wanashuka kutoka mita 1,850 juu ya bahari hadi 1,130 wakidhani hewa nzito itawabeba. Inawabeba hadi kilomita ya 10, kisha joto linawadai.

Maji sasa, na hapa ndipo hasira yangu ilipo. Kwa mbio zinazozidi kilomita 10, kanuni za kimataifa zinataka kituo kila kilomita 5 hivi. Chukua watu 400, kila mmoja vikombe viwili vya mililita 200 kwa kila kituo. Hizo ni lita 160, mitungi minane ya lita 20. Vituo vinne ni mitungi 32. Pikapu moja ya tani moja inaibeba yote kwa safari moja! Badala yake tunaona katoni za chupa za nusu lita zikigawiwa ovyo kwenye kilomita ya 4. Mtu anapiga mafunda mawili, anatupa, chupa inaviringika chini ya kiatu cha aliye nyuma. Ukifika kilomita ya 14 unakuta meza, katoni zilizolowa na mlinzi anayekuambia "yalikuwepo". Kikombe cha karatasi kinatosha: unabana mdomo wake ukawa kama mdomo wa birika, unakunywa bila kusimama.

Aliyekaa na kiu kilomita nane akifika mwisho anabugia lita nzima ya maji matupu, tumbo linakaza. Akizidisha mno, chumvi ya damu inapungua: kichwa, kutapika, kuchanganyikiwa. Dawa ya mezani haihitaji mdhamini. Lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chumvi, vyote vimesawazishwa juu. Kina mama wote wanaijua kutoka kliniki. Ongezeni nusu ndizi mbivu kwa kila mtu kwenye kilomita ya 10 na ya 15.

Ramani ya njia mnaitoa usiku wa kuamkia mbio, kumbe kuna kupanda kutoka Mamboleo kwenda Riat. Aliyejiandaa kwenye tambarare ya Dunga afanyeje? Na usajili mnaufungua wiki tatu kabla. Kuongeza ule mkimbio mrefu wa wiki kutoka kilomita 12 hadi 18, kilomita moja kila wiki, ni wiki sita. Weka wiki moja ya kupunguza katikati na mbili za kupumzisha miguu mwishoni, ni tisa. Tangazeni njia na tarehe miezi mitatu kabla, au msiite watu wapya.

Fulana saizi moja kwa wote nimesamehe.

#2
Mkuu, mmelipa hela kidogo mnataka iwe kama marathoni ya Boston kule Marekani? Kimbia uache kelele.

#3
Wa #2, ndugu yangu, umbali si anasa. Nusu marathoni ni mita 21,097.5. Hupimwa kwa baiskeli yenye kaunta ndogo ya kuhesabu mizunguko kwenye ekseli ya gurudumu la mbele. Kwanza unahakiki hesabu yake kwenye barabara iliyonyooka ya mita 300 au zaidi, iliyopimwa kwa tepu ya chuma: unaipita mara nne kabla ya kazi na mara nne baada ya kazi, kwa sababu jua likipanda hewa ya tairi hupanuka na hesabu hubadilika. Unafuata njia fupi kabisa ambayo mkimbiaji anaweza kupita, sentimita 30 kutoka ukingoni, kisha unaongeza mita moja kwa kila kilomita ili njia isije ikapungua. Hapa kwetu wanapima kwa gari, ambalo huhesabu mita 100 kwa 100 na hupita katikati ya njia yake. Bango la kilomita ya 15 nalo linafungwa penye nguzo ya umeme, si penye kilomita ya 15. Mgeni anasoma saa yake pale, anadhani amechelewa, anakaza, anakufa kwenye 18.

#4
Naongeza la joto. Mkimbiaji akianza kuyumba na kuongea visivyoeleweka, huenda joto lake limepita nyuzi 40. Hapo ni kumpooza kwanza, ambulansi baadaye. Turubai moja, watu wanne washike pembe, maji na barafu ndani, mgonjwa alale humo kichwa kikiwa nje. Barafu tunayo, wauza samaki wa ziwa hili wanaishi nayo. Nyie waandaaji mna hema ya wageni mashuhuri yenye feni, na kwenye mstari wa kumalizia hakuna hata beseni.

#5 (mwenye uzi)
Asante wa #3 na #4. Wa #2, angalia pale pa kugeukia. Msimamizi akichoka na jua akasogea mita 250 kwenye kivuli cha mti, njia imepungua nusu kilomita, na hakuna mkeka wa chipu (ule unaorekodi kila mkimbiaji anapoukanyaga) pale wa kumshtaki. Mkeka wa mwanzo pia haupo, kwa hiyo aliyeanzia nyuma kabisa anapewa muda wa bunduki, yaani unaohesabiwa tangu mlio wa kuanzia, si tangu yeye alipovuka mstari. Mwakani tutauliza kabla ya kutuma M-Pesa: nani alipima, kwa chombo gani, na gari la maji la mwisho linatembea nyuma ya nani.