Je, mwanamume asiye na ajira rasmi aahirishe kuoa?

Mpimaji wa Moro (mleta mada)

Ndugu wanajukwaa, habari za wakati huu. Ninaomba mawazo yenu, hasa ya akina dada na akina mama, juu ya jambo ambalo nimelijadili mara nyingi na rafiki zangu wa kiume bila kufika popote, kwa sababu mazungumzo yetu huishia kwenye lawama ileile kwamba wanawake wanapenda pesa.

Nimesomea upimaji wa ardhi, na nilikuwa na mkataba katika kampuni moja ya ujenzi hadi mradi wake ulipokamilika. Tangu wakati huo ninapima viwanja vya watu binafsi hapa Morogoro, na nina pikipiki ambayo nimemkabidhi kijana anayeniletea hesabu kila wiki. Ipo miezi ambayo ninapata zaidi ya mshahara wangu wa zamani, na ipo mingine, hasa ya masika, ambayo hakuna anayenitafuta. Mchumba wangu ni muuguzi katika hospitali ya serikali. Mshenga alipopeleka barua ya posa, wajomba zake waliipokea kwa heshima, lakini jibu lililorudi ni kwamba kijana atafute kazi kwanza. Mchumba mwenyewe hakulipinga jibu hilo wala hakuliunga mkono. Alisema tu kwamba wazee wameshasema.

Swali langu ni hili: watu wanapouliza mwanamume anafanya kazi gani, wanataka kujua kipato chake au jina la mwajiri wake? Na kama wanataka kujua kipato, kwa nini changu hakihesabiwi?

Muuza Vitenge, Mwanza

Kaka mleta mada, nitakujibu bila kuzunguka. Kazi ya mwanamume ina uzito kwetu, na sioni sababu ya kulionea haya jambo hilo. Mwanamke aliyeajiriwa ana likizo ya uzazi yenye malipo ya siku 84, au siku 100 akijifungua watoto zaidi ya mmoja, kwa mujibu wa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Sisi wa sokoni hatuna likizo hiyo. Siku ninayofunga fremu ndiyo siku ambayo kipato kinakoma, ilhali kodi ya pango, marejesho ya kikoba na ada ya mtoto mkubwa havijui kwamba nimejifungua. Kwa hiyo ninapomtazama mwanamume anayetaka kunioa, ninajiuliza kama katika miezi ile ambayo siwezi kunyanyua hata jora moja, yeye ataweza kulipa kodi na kuhakikisha kwamba chakula kipo. Wanaume husema tunapenda pesa kana kwamba pesa hiyo yote inaishia saluni.

Hata hivyo, mchumba wako ni mtumishi wa serikali na likizo anayo. Kwa hiyo hofu yangu huenda si hofu yake, na usichukue jibu langu ukaenda kumwambia kwamba wanawake wote wamesema hivi.

Msomaji wa Sheria

Naomba niongeze jambo ambalo wengi hulisahau. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 63, inamtwika mume wajibu wa kumtunza mkewe kwa malazi, mavazi na chakula kwa kadiri ya uwezo na hadhi yake. Mke naye anaweza kuwajibika kumtunza mumewe, lakini pale tu ambapo mke ana uwezo na mume ameshindwa kujipatia riziki, kabisa au kwa sehemu, kutokana na maradhi au majeraha ya mwili au ya akili. Kukosa ajira hakutajwi. Wajomba wanaposema kijana atafute kazi kwanza, wengi wao hawajawahi kuisoma sheria hiyo, lakini wanasema jambo lililo karibu sana na yale iliyoyaandika.

Sipendi jinsi kifungu hicho kilivyo, kwa sababu kinamfanya mwanamume mwenye afya asiye na kazi aonekane hana anachochangia nyumbani, wakati mahakama zetu zimeshakubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilitambua kwamba kazi za mke nyumbani ni mchango katika upatikanaji wa mali ya wanandoa. Ikiwa kupika na kulea kuna thamani anapofanya mke, sioni kwa nini thamani hiyo ipotee anapofanya mume.

Mkulima wa Newala

Huku kwetu hatuulizi mwajiri. Tunauliza shamba liko wapi na mikorosho inayozaa ni kiasi gani, kwa maana msimu wa minada ukifungua, mkulima mwenye shamba zuri anaweza kupokea kwa mkupuo fedha ambazo karani wa ofisini hajawahi kuzishika. Tatizo ni miezi inayobaki. Mwaka 2018 serikali ilitangaza kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi likapewa kazi ya kuzisomba; bei ilikuwa nzuri, lakini wakulima wengi walisubiri malipo kwa muda mrefu, na ndani ya nyumba nyingi watu waligombana wakati stakabadhi zenye fedha nyingi zimehifadhiwa sandukuni.

Ila niseme ukweli kuhusu sisi wanaume. Wapo wanaouza kwa kangomba, yaani kwa walanguzi nje ya minada, mapema, korosho zikiwa bado mtini, wakala fedha hizo bila mke kujua, kisha msimu unafika na mke anaona magunia yanachukuliwa na mtu mwingine. Mke wa namna hiyo akimwambia binti yake aolewe na mwalimu, hata wa mshahara mdogo, mimi simlaumu.

Bint Pangani

Kwa sisi Waislamu wa pwani, nafaka, yaani matunzo ambayo mume humpa mkewe, ni haki ya mke hata kama mke ana mali kuliko mume, na Sura ya At-Talaq imeeleza kwamba kila mtu atoe kwa kadiri ya wasaa wake. Kwa hiyo hakuna kiwango cha mshahara kilichowekwa, ila kutoa ni lazima. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yameenea huku, mume akishindwa kabisa kutoa nafaka, mke anaweza kuomba kwa kadhi ndoa ivunjwe, na akivumilia ni hiari yake. Wakati huohuo tusisahau kwamba Bibi Khadija alikuwa mfanyabiashara mwenye mali na Mtume alikuwa akimsafirishia bidhaa zake kabla ya kumuoa. Alichokiona Bibi Khadija kwa Mtume ni uaminifu katika kazi.

Mpimaji wa Moro (mleta mada)

Nashukuruni nyote. Ninaona kwamba wengi mnazungumzia uhakika zaidi ya kiasi. Niongeze tu kwamba mchumba wangu anazijua kazi zangu zote, lakini kiasi ninachopata sijamtajia, kwa kuwa hubadilika na ninaogopa nikimtajia cha mwezi mzuri atakitegemea kila mwezi.

Muuguzi wa Zamu

Mdogo wangu, nimeisoma mada yako nikiwa nimetoka zamu ya usiku, na nimeona nikujibu kwa sababu mimi ni muuguzi na mume wangu aliwahi kukaa muda mrefu bila ajira.

Kwanza ujue mchumba wako anaingia kwenye ndoa na nini. Ana mshahara unaojulikana tarehe yake, ana bima ya afya inayomhudumia pia mwenza wake, na kama alisoma kwa mkopo wa elimu ya juu, asilimia 15 ya mshahara wake inakatwa kabla hajaugusa. Kwa hiyo anajua hadi shilingi ya mwisho kitakachobaki. Mtu aliyezoea hesabu ya namna hiyo humwia vigumu kupanga maisha na mtu ambaye kipato chake hakijui, hata kama ni kikubwa. Mume wangu alipokosa kazi, njaa haikutusumbua. Kilichonichosha ni kwamba akipata kibarua hasemi, na akikosa pia hasemi, nami nilibaki kukisia kama ninunue unga wa wiki au wa mwezi.

Pili, kuna maneno ya watu. Mwanamume anayeishi na mke mwenye mshahara huku naye hana ajira, mtaani huitwa marioo, na jina hilo humchoma zaidi yeye kuliko mkewe. Wapo wanaoanza kuvizia simu ya mke, kuuliza kwa nini amechelewa kutoka kazini, au kutaka kadi ya benki ikae kwao ili waonekane wakuu wa nyumba. Nimewaona wake za watu wakija wodini na michubuko kwa sababu ya mambo hayo. Inawezekana wajomba wa binti wanaogopa hilo zaidi ya umaskini, ila hawawezi kulisema mbele ya mshenga, na neno kazi ndilo lililo jepesi kusemeka.

Kwa hiyo, kabla ya kuanza kutafuta barua ya ajira ili kuwaridhisha wazee, kaa na mchumba wako mkiwa wawili, umwonyeshe mapato ya mwaka mzima, masika yakiwemo, na kile unachokiweka akiba kwa ajili ya miezi hiyo. Kisha umuulize kama sharti la kazi ni lake au ni la wajomba. Akisema ni lake, mwache aeleze sababu bila kumkatiza. Akisema ni la wajomba, basi yeye ndiye anayepaswa kuzungumza nao, kwa kupitia shangazi yake au mama yake, na mshenga wako arudi baada ya hapo.