DT125 ya mnada: nifufue injini, nipandikize ya CG, au niuze?

Makete_Juu: Wakuu, habari za humu. Nina Yamaha DT125, ile tustroki (inayochoma oili pamoja na petroli) ya kupozwa kwa hewa, ilikuwa ya mradi kabla ya kupigwa mnada. Naitumia huku Makete kuzungukia wafugaji, na masika njia zote ni utelezi. Ikiwa ya baridi inavuta freshi, ikipata moto inalegea mlimani na moshi unazidi. Shokapu ya nyuma inadunda kama godoro la springi. Bajeti 1,200,000. Nifufue injini hii hii, nifunge injini ya CG ya Kichina (fostroki ya bodaboda), au niuze niongezee nichukue fostroki mpya ya porini?

Kichwa_Kigumu: Uza. Spea za CG zipo mpaka kwenye duka la sukari na chumvi. Hiyo yako kila kitu mpaka Kariakoo, tena ukikosea unaletewa feki.

dada_wa_spoki: Kupandikiza nakupinga mapema. Fremu itakatwa na kuchomelewa upya vishikio vya injini. Visipokaa sawa, cheni inakwenda upande na kula spoketi. Na namba ya injini haitalingana na kadi, kwa hiyo TRA utakwenda tu. Ukitaka CG, nunua pikipiki nzima ya CG.

Fundi Spana: Mkuu Makete, kabla hujatoa hata senti: oili ya gia inapungua?

Makete_Juu: Inapungua fundi, na chini hakuna tone.

Fundi Spana: Basi inaliwa na injini. Sili ya kranki (raba inayoziba ekseli ya injini) upande wa klachi imechoka, injini inanyonya oili ya gia na kuichoma, ndiyo moshi wako huo. Upande wa sumaku ikivuja inanyonya hewa: sailensa (mzunguko wa injini ikiwa imesimama) inapanda yenyewe hata ukiachia mafuta, halafu pistoni inashika. Badilisha zote mbili kwa pamoja.

Kulegea ikipata moto, fungua silinda. Chukua ringi ya pistoni, ishushe peke yake ndani ya silinda, isukume kwa kichwa cha pistoni ikae sawa, kisha pima mwanya kati ya ncha zake kwa fila geji (vibati vya kupimia nafasi). Ukizidi kipimo cha kitabu ilhali silinda haijaliwa, ringi mpya zinatosha. Ukiona mikwaruzo inayokwama kwenye ukucha, ni kuchonga silinda na kufunga pistoni ya saizi ya juu, milimita 0.25 au 0.50. Nunua pistoni KWANZA, ndipo mchongaji aifuate hiyo pistoni. Wengi wanachonga halafu wanazunguka mji mzima kutafuta pistoni.

Pampu ya oili usiisahau. Ukichomoa mpira wake toa hewa yote, na tanki la kwanza weka oili kidogo kwenye petroli pia. Ikigoma hiyo pampu, kazi yote uliyolipia inaungua kabla hujafika kijiji cha pili.

Kichwa_Kigumu: Fundi unamtafutia gharama mwenzio 😂

Fundi Spana: Sili na ringi ni gharama? Pikipiki mpya ndiyo bei ya bamia?

Mzee wa Cheni: Vijana mnaongelea injini tu. Mwenye njia ya utelezi aanze na tairi za vidole (zenye meno makubwa), inchi 21 mbele na 18 nyuma. Spoketi ya mbele apunguze jino 1, mlima utalainika, ila barabarani spidi itapungua. Cheni na spoketi zote mbili abadilishe kwa mara moja, cheni mpya juu ya meno yaliyochongoka haidumu. Shokapu, kabla ya kununua nyingine, inua nyuma utikise gurudumu juu na chini. Likicheza, huenda bushi nazo zimekwisha.

dada_wa_spoki: Na sponji ya kuchuja hewa jamani! Isioshwe kwa petroli, gundi inaachia. Mafuta ya taa au maji ya sabuni, ikauke, ipakwe oili, ikamuliwe.

Makete_Juu: Nimetikisa sasa hivi, gurudumu linacheza. CG nimeiacha. Jumamosi nafungua silinda. Fundi, mchongaji wa kuaminika ni Njombe au nishuke hadi Mbeya?

Fundi Spana: Mbeya. Nenda na pistoni mkononi, na usiondoke kabla hajaipima mbele yako.