Bi mkubwa kaandikiwa sindano ya ndani ya jicho, naombeni ushauri

Kijana_wa_Moro: Habari wakuu. Bi mkubwa wangu ana miaka 74, siku hizi analalamika fremu ya mlango anaiona imepinda, akikutazama usoni katikati anaona giza, sisi tukajua ni mtoto wa jicho. Daktari wa retina (ile ngozi ya nyuma ndani ya jicho inayopokea mwanga) kampiga picha ya OCT, inayoonyesha matabaka ya retina, kasema ni makula, yaani katikati ya retina, imechoka kwa uzee, ile aina inayovuja, achomwe Avastin kila mwezi. Nimegugo nakuta dawa ya kansa! Mama kagoma kabisa. Hakuna matone kweli?

Mama Nasra: Pole mwanangu. Mzee wangu kachomwa sana hizo. Wanamtia matone ya ganzi, wanasafisha jicho na ayodini (hiyo ndo inawasha kuliko sindano), wanabana kope asipepese, kasindano kembamba kanaingia pembeni kwenye weupe, sekunde chache kwisha. Kaa na mama umweleze hivyo hivyo, kinachomtisha ni kudhani wanachoma mboni.

Nesi_Macho: Matone ya kutibu hiyo hakuna mkuu. Avastin kweli ilisajiliwa Marekani 2004 kwa kansa ya utumbo mpana, kazi yake ni kuzuia protini ya VEGF inayootesha mishipa mipya ya damu, na mishipa ya namna hiyo ndo inaota chini ya retina ya mama inavuja maji na damu. Jichoni anawekewa miligramu 1.25 tu. Kuna dawa nyingine ya kazi hiyo hiyo, Lucentis, ilitengenezwa kwa ajili ya jicho ila bei yake kubwa mno, na utafiti wa CATT wa 2011 ulikuta kwenye kuona zinalingana. Ila uliza chupa wanaigawa wapi na kwa usafi gani maana moja inahudumia wagonjwa wengi.

Kijana_wa_Moro: Asanteni sana aisee. Sasa atachomwa mpaka lini, na ataona kama zamani?

Nesi_Macho: Mara nyingi wanaanza na tatu, moja kila mwezi, halafu OCT ndo inaamua kama waongeze muda kati ya sindano na sindano. Wengi kuona kunasimama palipo, wengine kunapanda kiasi, ila kovu likishajijenga dawa hailiondoi, kwa hiyo msikae mnabembelezana miezi. Akishachomwa, jicho likiuma sana, likawa jekundu zaidi au kuona kukashuka, mrudishe siku hiyo hiyo hata usiku, inaweza kuwa maambukizi ya ndani.

Mama Nasra: Na lile jicho zima mpimeni nyumbani, azibe bovu atazame karatasi ya mirabaraba, mistari ikipinda tu mkimbizeni.