Dereva wa masafa, sukari na presha: nitapata wapi mtaalamu wa kunifuatilia?

Mzigo wa Tunduma:
Wakubwa shikamooni, wadogo habari zenu. Mimi ni dereva wa lori, Dar mpaka Tunduma, safari nyingine navuka naenda Lubumbashi. Miaka 43, kilo 101. Mwezi wa tatu nilienda kupima kwa sababu ya kukojoa ovyo (utingo wangu alikuwa anasema nagawa mbolea barabara nzima). Nikakutwa na sukari 14.2 asubuhi kabla ya kula chochote, presha 158/96. Nikaandikiwa metformin na glibenclamide za sukari, na amlodipine ya presha, nikaambiwa "punguza kula, fanya mazoezi, rudi baada ya mwezi". Nikatoka na karatasi mkononi.

Sasa wakuu, nipunguze kula nini? Nifanyie wapi mazoezi, juu ya tela? Kliniki yenyewe ni Jumanne, na Jumanne mimi niko Makambako. Nimeruka mara tatu. Ile niliyoenda nilisemwa mbele ya watu kama mtoto aliyetoroka shule, tangu hapo naona hata aibu kurudi.

Halafu nahisi dawa zinanikataa. Wiki mbili zilizopita nilimeza Mikumi kwa chai ya rangi tu, tukaja kukwama kabla ya kupandisha mlima Kitonga, lori jingine limelala njiani, foleni ya masaa matano. Nikaanza kutetemeka, jasho la baridi, naona taa za gari la mbele ziko mbili mbili. Utingo akanipa soda, nikakaa kidogo nikawa freshi, tukapandisha mlima.

Kuna jamaa Instagram, koti jeupe na kipimo cha kusikilizia mapigo shingoni, ana programu ya siku 21 kwa laki tatu na nusu. Unakunywa unga wake na maji ya vuguvugu, baada ya wiki unatupa dawa zote. Mke wangu anasema nijaribu. Nimlipe? Au kuna mtaalamu wa kweli anayeweza kumfuatilia mtu wa barabarani kama mimi?

Bwana Mlonge:
Mkuu dawa za hospitali ni biashara. Mlonge kijiko asubuhi na jioni, mdalasini usiku. Njoo inbox.

Mama Wawili:
Bwana Mlonge, baba yangu alifuata maneno kama hayo, akaweka dawa kabatini. Kidonda cha kidole gumba hakikupona, leo anatembelea gongo. Mlonge ni mboga, ale na ugali wake. Asiache dawa.

Nesi wa Zamu:
Ndugu mleta mada, umeandika habari ya laki tatu na nusu kwa urefu, lakini iliyonishtua ni ile ya Kitonga. Dawa hazijakukataa. Ile ilikuwa sukari kushuka. Glibenclamide inalilazimisha kongosho kutoa insulini, umekula hujala. Umemeza na chai ya rangi, ukakaa na njaa mchana kutwa, ikakushusha. Kisha ukapandisha mlima na tani zako. Mungu mkubwa.

Rudi kwa daktari wiki hii, usisubiri Jumanne. Sentensi ya kwanza kabisa: "Mimi ni dereva wa lori, na sukari ilinishuka njiani." Wengi wanasema "najisikia vibaya" basi, na daktari hajui kama mtu anauza duka au anaendesha tela. Akijua kazi yako anaweza kubadilisha dawa au dozi, maana metformin peke yake ni nadra kushusha sukari hivyo. Usibadilishe mwenyewe.

Mpaka utakapomwona: usimeze hiyo glibenclamide bila chakula cha maana. Weka sukari ndani ya kabini. Ukianza kutetemeka, egesha. Vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu chupa ya soda ya kawaida, subiri dakika 15, pima. Ikiwa chini ya 4, rudia. Ikishapanda, kula. Hata ukijisikia vizuri, usiwashe gari hapo hapo, kaa dakika 45 hivi, akili inachelewa kurudi kuliko mikono. Na mfundishe utingo, siku nyingine huenda usiweze kuomba hiyo soda.

Kuhusu kusemwa, pole. Sisi manesi wakati mwingine tunakosea hapo.

Famasia ya Kona:
Swali moja kaka. Mgongo unakusumbua? Unakunywa nini?

Mzigo wa Tunduma:
Diclofenac, ile ya maumivu. Karibu kila safari, nanunua tu dukani. Kwani ina shida?

Famasia ya Kona:
Ndiyo nilichokihofia. Inapandisha presha, na ikitumika mfululizo inaumiza figo, ambazo sukari na presha tayari zinazisumbua. Huku unakunywa amlodipine ishushe, huku unaipandisha. Isimamishe, umwambie daktari kuhusu huo mgongo, na omba wapime figo zako.

Afisa Lishe Nyanda:
Mkuu, wataalamu wapo, ila tu hawako Instagram. Halmashauri zina maofisa lishe, na hospitali nyingi za wilaya na mikoa zina mtu wa lishe. Tatizo hakuna anayekuelekeza kwao. Mwambie daktari moja kwa moja: "naomba unipeleke kwa mtu wa lishe". Ukifika usiseme "nakula kawaida". Mwandikie ulichokula safari nzima, kituo kwa kituo, na soda zote.

Kwa sasa, ukikaa kwa mama ntilie fikiria sahani imegawanywa: nusu mboga (mchicha, matembele, kabichi, chochote alichonacho), robo ugali au wali, robo samaki, maharage au nyama. Mwambie akupunguzie ugali akuongezee mboga, mlipe ya ziada, hatakataa. Na usidanganyike kwamba dona unakula mlima mzima, dona nayo ni ugali. Chipsi mayai ipumzishe. Soda ya mililita 300 ina karibu vijiko vinane vya sukari, hiyo ibaki ya dharura tu kama ya Kitonga.

Huyo wa koti jeupe muulize namba yake ya usajili Baraza la Madaktari Tanganyika. Akisema ni wa tiba asili, nao wana baraza lao. Uone atakavyokujibu.

Kondoo wa Mikese:
Dereva mwenzangu, nina sukari mwaka wa sita. Nilikuwa naikimbia kliniki kama wewe. Kilichonisaidia: nilimfuata nesi wa kliniki pembeni, foleni ilipoisha, nikamwonyesha ratiba ya safari. Kumbe inawezekana. Siku hizi napewa dawa za miezi miwili, na kila Ijumaa namtumia picha ya daftari langu WhatsApp. Akiona namba mbaya ananipigia.

Nunua mashine ya kupimia, lakini ulizia bei ya vile vijiti kwanza, maana mashine ni mara moja na vijiti ni maisha. Na unawe mikono. Mimi niliwahi kupata 19 Chalinze nikamwandalia mke wosia, kumbe nilikuwa nimetoka kula embe.

Mazoezi? Nalizunguka gari. Mizunguko 50 ya tela ni kama kilomita mbili. Kila foleni ya mizani.

Kijana wa Tandika:
Wosia kwa sababu ya embe 😂😂

Mzigo wa Tunduma:
Wakuu nimerudi kutoa mrejesho. Nilienda Alhamisi, nikasema ile sentensi ya Nesi kama nilivyoambiwa. Daktari aliweka kalamu chini. Tumeongea karibu nusu saa. Glibenclamide ameitoa, kaniwekea nyingine, diclofenac imekufa. Wamenitoa damu ya figo na ya kile kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu (HbA1c), imetoka asilimia 9.4, anataka tuishushe kuelekea 7 taratibu. Wamenivua viatu wakaniangalia miguu, sijawahi kufanyiwa hivyo. Macho nina miadi. Mtu wa lishe nimepewa, ni binti mdogo lakini anajua hadi bei za chakula Ruaha Mbuyuni.

Yule wa Instagram nilimuuliza namba ya usajili. Kaniblock.

Sasa hivi niko foleni ya mizani Mikese, mzunguko wa 31. Jamaa wa gari la nyuma ameshusha kioo ananiuliza nimedondosha nini.