Kinyozi hajinyoi! Mlioniambia jana "makala ni yake, muache ajiandikie", nawajibu hapa

Nimelala na hasira na nimeamka nayo, nikaona bora nifungue uzi wangu kuliko kuendelea kujibizana kule kwenye uzi wa taarabu. Jana mmenirudia maneno yale yale: makala inamhusu yeye, jina lake, picha yake, basi muache aandike atakavyo, pilipili usiyoila yakuwashia nini? Mmoja akaongeza kwamba nina husuda. Pilipili hii imeliwa nyumbani kwetu, ndiyo maana inaniwasha.

Kwa ambao hawakuwepo: kuna mwimbaji mkongwe wa hapa Mombasa, simtaji, ana makala kwenye Wikipedia, kamusi elezo ya mtandaoni ambayo yeyote huweza kuihariri. Ilikuwa makala fupi, aya nne, na ilisema wazi kwamba kikundi chao kiliasisiwa na watu wawili: yeye aliyeimba, na mwenzake aliyetunga mashairi. Chini palikuwa na rejeo la gazeti la zamani lililowataja wote wawili. Huyo mtunzi ni ami yangu. Yu hai, anakaa Makadara, macho yamemwishia nguvu lakini beti zake anazo zote kichwani.

Mwezi wa Ramadhani uliopita zikafunguliwa akaunti tatu mpya ndani ya wiki moja. Hazijagusa makala nyingine yoyote mpaka leo. Ya kwanza ikafuta "watu wawili", ikaandika "muasisi pekee". Ya pili ikaondoa rejeo la gazeti. Ya tatu ikaweka picha ya mwimbaji akiwa sebuleni kwake, na pale pa kutaja mpiga picha ikajaza "kazi yangu mwenyewe". Sebuleni kwake! Nani huingia sebule ile na kamera kama si mtu wa nyumba ile? Mnaobisha fungueni historia ya makala, kila badiliko liko pale pamoja na jina la akaunti, saa na dakika. Aya nne zimekuwa kumi na saba, zimejaa "gwiji asiye na mfano" na "sauti iliyoutikisa ulimwengu". Ami yangu hayumo hata kwa herufi moja.

Mwasema mtu anajijua kuliko mtu baki. Anajijua, ndiyo, lakini mwamba ngoma ngozi huivuta kwake. Nyinyi mnadhani mtu akijiandikia atafuta aibu zake tu, na kwamba hilo halimdhuru mtu. Mimi nimeona kwa macho yangu kwamba anayefutwa kwanza ni mwenzake.

Wala si tabia ya wasanii wa Pwani peke yao. Wikipedia ilianza Januari 2001, na waasisi wake wanaotajwa ni wawili, Jimmy Wales na Larry Sanger. Mwaka 2005 Wales aliingia kwenye makala inayomhusu yeye mwenyewe, na miongoni mwa aliyoyaondoa ni maneno yanayomtaja Sanger kuwa muasisi mwenza. Historia ya makala ikamuumbua: mabadiliko 18. Mwanablogu Rogers Cadenhead alipoyaanika mwezi wa Desemba mwaka ule, Wales akakiri kwamba anajutia. Hebu fikirini. Mtu aliyesimamisha nyumba nzima juu ya kanuni ya kutopendelea upande, alipofika kwenye habari zake, mkono ulikwenda moja kwa moja kwenye jina la mwenzake. Kama yeye hakuweza kujizuia, mwimbaji wetu na jamaa zake ndio watakaoweza?

Na mimi pia nina maslahi, sikatai. Nililisema hilo siku ya kwanza kwenye ukurasa wa majadiliano wa makala ile, pale wahariri wanapojadiliana: mtunzi ni ndugu ya baba yangu, kwa hiyo sitaigusa makala, namuomba mhariri asiyehusika alitazame rejeo lililofutwa. Ndivyo inavyotakiwa. Mwenye maslahi hujitaja, hupendekeza, kisha humwachia mwengine aandike. Anayelipwa ndiye amebanwa zaidi, kwani tangu Juni 2014 masharti ya Wikipedia yanamtaka amtaje anayemlipa. Nilifuata utaratibu huo, na malipo yangu yakawa nini? Akaunti ile ya kwanza ikanifuata pale pale majadilianoni ikaniita "mtu mwenye mgongano wa maslahi". Wallahi mikono ilinitetemeka. Aliyejificha nyuma ya majina matatu anamshitaki aliyejitaja kwa hiari yake!

Kuna aliyenishauri nipige picha daftari la ami niliweke liwe ushahidi. Daftari lipo, limeandikwa kwa herufi za Kiarabu, na mistari iliyokatwa na kuandikwa upya inaonekana mpaka leo. Lakini halijachapishwa popote na limo mikononi mwa ukoo wetu, kwa hiyo halifai, na nimelikubali hilo japo linauma. Philip Roth mwenyewe, mwandishi wa riwaya wa Marekani, mwaka 2012 alipotaka kusahihisha makala juu ya riwaya yake aliambiwa neno lake peke yake halitoshi. Akaandika barua ya wazi kwenye The New Yorker, na ilipochapishwa ikawa kitu cha kurejelewa. Basi njia ipo, na mwimbaji wetu anayo pana kuliko wengi, maana redio za hapa zinamwalika kila mara. Aseme hewani kwamba aliasisi peke yake, tumsikie, na wazee waliokuwa naye jukwaani wamjibu. Anajua kwamba watamjibu. Ndiyo maana amepita mlango wa uani.

Aliyeuliza "na akizuliwa je?" ameuliza swali la maana, na huyo namjibu kwa heshima. Mwaka 2005 makala ya John Seigenthaler, mwandishi wa habari wa Marekani, ilimzulia kwamba aliwahi kushukiwa katika mauaji ya John na Robert Kennedy, na uongo ule ukakaa zaidi ya miezi minne. Mtu wa namna hiyo ana haki ya kupiga kelele, na hata akiufuta uzushi kama ule kwa mkono wake hakuna wa kumlaumu. Sasa nionyesheni uzushi uko wapi kwenye maneno "watu wawili".

Na wewe uliyeniandikia faraghani kwamba kwa shilingi 20,000 una kijana wa "kuilinda" makala, sikutaji lakini ujue nimekusoma. Mwaka 2015 Wikipedia ilifunga akaunti 381 za mtandao mmoja uliokuja kuitwa Orangemoody, waliokuwa wakiwatoza watu pesa ili makala zao zikubaliwe na zilindwe. Biashara yako ni hiyo hiyo. Sitoi hata ndururu.

Mji huu haukuwa hivi. Sauti ya huyu, maneno ya yule, na hakuna aliyeona haya. Juma Bhalo aliimba tungo za binamu yake Ahmad Nassir, watu wakijua, na hadhi yake haikupungua hata chembe. Leo mtoto wa shule hamuulizi mzee barazani, anafungua simu na kunakili. Wiki iliyopita mjukuu wa ami alipewa kazi ya kuandika juu ya taarabu ya Mombasa. Akamsomea babu yake makala ile yote, "muasisi pekee, mtunzi na mwimbaji". Mzee akamsikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Wameandika wapi hayo, mwanangu?" Mtoto akamsogezea simu ambayo babu yake hawezi kuiona.

Sasa nahitaji msaada wa wenye kanda za zamani. Kuna kanda za kikundi kile zilizouzwa madukani, na karatasi ya ndani iliandikwa jina la mwimbaji na jina la mtunzi. Karatasi hiyo ilichapishwa na kuuzwa kwa watu, haikutoka kabatini kwetu. Aliye nayo, au aliye na gazeti la miaka ile, apige picha pande zote mbili, tarehe na jina la gazeti vionekane, aiweke hapa hapa. Mimi sitaiingiza kwenye makala. Nitaipeleka majadilianoni, na huko nitajitaja tena kwamba mtunzi ni ami yangu.